Dola 130 za karatasi tu, ili nipate likizo ya uzazi

Risiti zote sita ninazo. Nimezibana na klipu kwenye bahasha ileile niliyowekea picha za ultrasaundi, na jana usiku mtoto alipolala nikazitoa nikazijumlisha tena: 15, 25, 25, 25, 25, 15. Jumla dola 130. Hapo sijagusa bili ya kujifungua, sijagusa ile hela unayochangia kila ukiingia kliniki, hizi ni hela za kujaziwa karatasi basi. Karatasi za kuniruhusu nikae nyumbani na mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Naandika kwa sababu kina dada wengi tunaoongea Kiswahili hapa Houston tunafanya kazi zinazofanana, wengine CNA, yaani wasaidizi wa manesi, kwenye nyumba za wazee kama mimi, wengine maghalani, wengine hotelini, na tukibeba mimba kila mtu anapita njia hiihii peke yake, analipa, ananyamaza. Mimi pia nililipa nikanyamaza, na hela nyingine nililipa bure kabisa maana ile karatasi haikuhitajika, ila hakuna aliyeniambia.

Ya kwanza ilikuwa barua. Nilikuwa na mimba ya wiki 22, miguu imevimba, nikamwomba supavaiza niwe nakaa kwenye kiti wakati wa kuandika chati, na niwe na chupa yangu ya maji kule kwenye korido. Akasema hana shida na mimi, ila nilete barua ya daktari. Nikaenda kliniki, wakanitoza dola 15, barua ya mistari mitatu, ameandika niruhusiwe kukaa, kunywa maji na kwenda chooni. Mistari mitatu! Miezi baadaye ndo nikaja kujua kuna sheria inaitwa Pregnant Workers Fairness Act, ilianza kutumika Juni 2023, inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea, na kanuni zake zilizoanza Juni 2024 zinasema kabisa kwamba kwa vitu hivyo, maji karibu yako, kwenda chooni, kukaa au kusimama, na mapumziko ya kula na kunywa, mwajiri hatakiwi kudai karatasi ya daktari. Neno lako linatosha. Kuhusu kunyanyua wagonjwa wazito ni habari nyingine, hapo wanaweza kukudai barua, lakini kwa kiti na chupa ya maji ile dola 15 haikuwa na sababu ya kutoka mfukoni mwangu.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe. Kwa wale mlioko nyumbani Afrika mnaosoma, Marekani hakuna likizo ya uzazi yenye mshahara kwa nchi nzima. Kuna majimbo yana mpango wao, California, New York, na Minnesota wameanza kulipa Januari 2026, ila huku Texas sisi wa kampuni binafsi jimbo halina kitu kama hicho. Tulichonacho ni FMLA, sheria ya mwaka 1993 aliyosaini Clinton, inakupa wiki 12 za kukaa nyumbani bila kulipwa, na kazi yako inakusubiri. Na siyo kila mtu anaipata, kampuni iwe na watu 50 au zaidi ndani ya maili 75, wewe uwe umefanya kazi hapo miezi 12, na ndani ya mwaka huo uwe umefikisha masaa 1,250. Mimi nilifikisha kwa sababu nilikuwa nachukua wikiendi. Kuna mwenzangu shifti ya usiku alikosa kwa masaa machache tu, huyo alirudi kazini mtoto ana wiki tano.

Ili upate hizo wiki unampa mwajiri taarifa siku 30 kabla kama tarehe inajulikana, HR, ofisi ya kampuni inayoshughulikia wafanyakazi, wanakupa fomu ya daktari, mara nyingi ni ile WH-380-E ya wizara ya kazi, na lazima wakupe angalau siku 15 za kuirudisha. Siku 15 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Shikeni hiyo 15 vizuri.

Nikaenda na fomu kliniki, mimba wiki ya 30. Pale kaunta kuna kioo na kwenye kioo wamebandika karatasi imelaminishwa, kona moja imeanza kubanduka, imeandikwa fomu zote dola 25 kwa kila fomu, barua dola 15, malipo kwanza, siku 7 hadi 10 za kazi. Nilikuwa nimepita mbele ya kile kioo tangu mimba ina wiki nane na sijawahi kukisoma. Dada wa mapokezi, mpole kabisa sina ubaya naye, akaipokea fomu yangu akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Ni hii tu au zipo nyingine?" Nikamwambia ipo na ya bima ya short-term disability, ile ambayo nilikuwa nakatwa kwenye cheki kila wiki mbili ili nikijifungua wanilipe asilimia 60 ya mshahara. Akasema hiyo ni fomu ya pili, dola 25 nyingine. Nikatoa na ya mume wangu aliyopewa kazini kwake. Ya tatu. Dola 75, nikachomeka kadi, akanichapia risiti tatu.

Nilimuuliza, dada, bima yangu hailipi hii? Akasema bima inalipia matibabu, fomu siyo matibabu.

Nimeifikiria sana hiyo sentensi. Nilipouliza zaidi baadaye nikaelewa mambo yanavyokwenda. Ujauzito hapa mara nyingi daktari anaidai bima kama mzigo mmoja, kuhudhuria kliniki, kuzalisha na kukuangalia baada ya kuzaa vyote vinafungwa kwenye bei moja. Kujaza fomu ya kazini kwako hakumo kwenye huo mzigo, bima hailipi hata senti, kwa hiyo kliniki inasema muda wa kufungua faili, kuandika, kumpelekea daktari asaini na kutuma faksi lazima mtu aulipie. Na sheria ya FMLA yenyewe imeliweka hivyo, gharama ya kupata cheti cha daktari ni ya mfanyakazi, mwajiri analipa pale tu akikitilia shaka na akakutaka uende kwa daktari mwingine. Kwa hiyo nilichotozwa hakikuwa wizi, na wale watu wa pale kaunta kweli wana kazi nyingi, siwezi kusema hawafanyi kitu.

Lakini jamani. Mtu analipwa dola 17 kwa saa. Hizo 130 ni karibu shifti nzima ya masaa 8 kabla ya kodi, shifti ya kugeuza wagonjwa kitandani tumbo likiwa mbele. Na zinadaiwa wakati gani? Wakati mshahara unaelekea kukatika. Daktari anayelipwa vizuri na msafisha vyoo wanatozwa bei ileile kwa karatasi ileile, tena huyo daktari mwenyewe akizaa pengine ana likizo ya kulipwa. Kliniki imenipokea tangu wiki ya nane, inajua nitajifungua lini, inajua nafanya kazi maana waliniuliza siku ya kwanza wakaandika, hivi fomu ya kwanza isingeweza kuwa sehemu ya huduma? Wifi yangu yuko Leicester, Uingereza, nilipomhadithia alidhani nimemwelewa vibaya. Kule mkunga au daktari anakupa cheti kinaitwa MATB1 kuanzia wiki 20 kabla ya wiki ya kujifungua, hulipi kitu, unampelekea mwajiri, imeisha. Na mdogo wangu Tanga, yuko kampuni binafsi, aliandika taarifa yake kazini miezi mitatu kabla kama sheria ya ajira ya 2004 inavyotaka, akaambatanisha cheti cha hospitali chenye muhuri, akapata siku zake 84 za mshahara. Nilimuuliza ulilipa shilingi ngapi hicho cheti, akasema, "Dada, nilipe nini tena, si ndo kliniki yangu?"

Turudi kwenye fomu. Nililipa Jumanne, na hesabu ya siku 10 za kazi inaanza siku uliyolipa, sasa weka wikiendi mbili katikati hapo umefika siku 14 kati ya zile 15. Nilikuwa napiga simu kila asubuhi nikiwa kwenye basi. Siku ya 13 wakaniambia ipo tayari, nikaifuata, nikaipeleka HR mkono kwa mkono, nikashusha pumzi.

Siku mbili baadaye HR wakaniandikia barua kwamba fomu haijakamilika.

Nikaitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Kile kisanduku cha ujauzito kimewekwa alama, tarehe ya kutarajia kujifungua ipo, saini ipo, ila kwenye sehemu ya kukadiria nitakuwa nje ya kazi kuanzia lini mpaka lini pameandikwa neno moja, "unknown", haijulikani. Kwa mwandiko wa haraka, n ya mwisho imeburutwa mpaka nje ya mstari. Sheria inataka daktari akadirie, na mwajiri akiona fomu ina upungufu anatakiwa akuambie kwa maandishi kinachokosekana, kisha akupe siku 7 za kurekebisha. Siku 7. Nikarudi kliniki, dada wa kaunta akaniambia kwa sauti ileile ya upole, marekebisho yanahesabiwa kama fomu mpya, dola 25, siku 7 hadi 10 za kazi.

Hapo ndo nilipokataa. Sikupiga kelele, mama yangu hakunilea hivyo, ila sikuondoka pale kaunta. Nikamwambia, dada, mimi nililipa fomu ijazwe, hii haijajazwa, hapa pameachwa, naomba niongee na meneja. Watu nyuma yangu wanasubiri, tumbo limegusa kaunta, mtoto anapiga mateke. Meneja akaja, nikamuonyesha barua ya HR na lile neno, nikamuonyesha tarehe ya mwisho. Akaiangalia, akaingia nayo ndani. Mimi nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki natazama saa ya ukutani, dakika kumi na moja akatoka nesi wa daktari, pameandikwa wiki sita kuanzia siku ya kujifungua, daktari ameweka herufi za jina lake na tarehe pembeni. Dakika kumi na moja, na hawakunidai kitu. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja, maana kama inawezekana kwa dakika kumi na moja mtu akigoma kuondoka, wangapi wasiojua Kiingereza cha kugoma wamelipa 25 mara ya pili?

Kwa hiyo ukipokea fomu yako usiifunge kwenye bahasha ukakimbia nayo. Simama palepale kaunta uisome, angalia tarehe ya kuanza, makadirio ya muda, saini, namba ya simu ya kliniki. Kosa likionekana kabla hujatoka mlangoni ni la kwao, likionekana wiki ijayo wanaligeuza lako.

Fomu ya mume wangu ndo inaniuma kuliko zote kwa sababu ile 25 ilikuwa bure. HR wa kwao walimpa WH-380-F, hiyo ni ya mtu anayekwenda kumuuguza mwanafamilia mgonjwa. Lakini yeye alichotaka ni wiki mbili za kukaa na mtoto, na likizo ya kukaa na mtoto mchanga haihitaji cheti cha daktari. Kabisa. Mwajiri anaweza kuuliza uthibitisho kwamba mtoto ni wako, hata maelezo yako mwenyewe ya maandishi, au cheti cha kuzaliwa, basi. Tulikuja kuambiwa na huyohuyo HR, mtoto ameshazaliwa, mume wangu anapeleka ile fomu ya 25 anaambiwa hii hatuihitaji, tupe karatasi ya hospitali yenye jina la mtoto. Ingekuwa anaomba likizo ya kuniuguza mimi baada ya upasuaji hapo sawa, cheti kinaweza kudaiwa. Kwa hiyo baba akipewa fomu ya daktari kazini aulize kwanza, naomba likizo ya kuuguza au ya kukaa na mtoto? Na hata wewe mama, cheti cha daktari ni kwa ule muda mwili wako haujiwezi, zile wiki zinazobaki kati ya 12 ni za kukaa na mtoto, hazihitaji daktari aandike chochote, na mna mwaka mzima tangu mtoto azaliwe wa kuzitumia.

Halafu nikajifungua kwa upasuaji. Haikuwa mpango, mapigo ya mtoto yalishuka, wakanikimbiza, tumshukuru Mungu yuko salama na mimi niko salama. Bima ya short-term disability kwa kawaida inakupa wiki sita ukizaa kawaida, nane ukizaa kwa upasuaji, lakini hizo mbili za nyongeza haziji zenyewe. Siku ya tisa, mshono bado unavuta nikikohoa, mtoto yuko begani, napigiwa simu na watu wa bima, tunahitaji fomu mpya ya daktari ionyeshe aina ya kujifungua. Nikapiga kliniki. Daktari yuleyule ndo alinipasua, ripoti ya upasuaji iko kwenye kompyuta yao, na bado jibu likawa dola 25, lipia kwenye simu tuanze kuhesabu siku. Nikalipa. Sikuwa na nguvu za kukaa kwenye kile kiti cha plastiki tena, na wiki mbili za asilimia 60 zilikuwa zimeningojea.

Ningejua, ile siku ya kwanza ningeuliza swali moja: nikizaa kwa upasuaji, je, nyongeza ya wiki mbili mtaijaza chini ya malipo haya haya? Kliniki nyingine wanakubali. Rafiki yangu anayekwenda kliniki nyingine upande wa kusini mwa jiji alilipa mara moja kwa ujauzito mzima, fomu zote, barua zote. Mwingine hakulipa hata senti. Bei hizi kila ofisi inajipangia, ndo maana inafaa kuuliza siku ya kwanza kabisa unapochagua daktari, kama unavyouliza anapokea bima gani.

Ya mwisho ilikuwa barua ya kurudi kazini, dola 15, kwamba nimepona naweza kunyanyua. Kazini kwetu kila anayerudi kutoka likizo ya ugonjwa anadaiwa, na hiyo nayo sheria inasema ni gharama yako. Nililipa siku ileile niliyokwenda kukaguliwa mshono. Daktari alinitazama, akasema unaendelea vizuri sana, akanipa mkono, akampongeza mtoto. Nilimwambia kuhusu zile risiti. Akashangaa kweli, akasema hakujua kwamba nyongeza ya upasuaji walinitoza, bei za fomu zinapangwa na ofisi, yeye analetewa tu asaini. Namwamini. Alisema ataliongelea na meneja. Sijui waliongea nini, ila juzi nilipopita kuchukua kadi ya chanjo ya mtoto ile karatasi ya kwenye kioo bado ipo, kona imerudishiwa gundi.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa jirani yangu, mama mmoja Mkongo wa kutoka Uvira, mimba wiki ya 28, alikuja kwangu na bahasha ya fomu nne. Tulizitandaza juu ya meza ya chakula, mtoto wangu miezi saba sasa akajaribu kuila moja. Fomu ya mume tukaitoa, yeye anataka kukaa na mtoto tu. Ya kuomba kiti kazini tukaitoa, nikamwandikia kwenye karatasi jina la ile sheria ya 2023 amwonyeshe bosi wake. Zikabaki mbili, FMLA na ya bima, nikambandikia vikaratasi vya njano pale panapotakiwa tarehe na makadirio ya muda ili visirukwe. Akaniuliza, "Na wakisema bei ni kwa kila moja?" Nikamwambia Alhamisi niko ofu, tutaenda wote, nitakaa naye pale kaunta.